Koo la Babu, Chungu cha Mama

Mwezi uliopita ukoo wetu ulikusanyika kumjengea babu kaburi la saruji. Saruji yenyewe ilitafutwa tangu mavuno ya mwaka jana, maana siku hizi mfuko wa saruji ni adimu kuliko mume mwema, na ulipopatikana baba mkubwa Kalisto akatuma watu kila upande, watoto na wajukuu waje. Nilikwenda kutoka Kasense na wanangu watatu. Baada ya sala baba mkubwa, ambaye ndiye mtoto wa kwanza wa babu, alisimama mbele ya kaburi jipya akasema mzee wetu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapigana Bama, huko Burma, akarudi mzima, na adui mmoja tu ndiye aliyemweza: kansa ya koo. Alilitamka neno hilo vizuri kabisa, kama mtu anayetaja jina la mkwe tajiri. Wanawake walitikisa vichwa, mzee mmoja akajifuta macho. Mimi nilikuwa nyuma, mtoto wa mwisho mgongoni, naikaza mbeleko kwa hasira hata mtoto akaamka. Neno hilo nililileta mimi katika ukoo huu. Nililitoa hospitali nikiwa na miaka kumi na minane, nikalibeba juu ya lori la mahindi mpaka nyumbani, na baba mkubwa huyu huyu akaniambia nilirudishe nilikolitoa. Walikataa kansa kwa sababu walikwisha kuwa na jibu lao, na jibu lao lilikuwa mama yangu. Leo neno limekuwa la heshima, limeingia katika hotuba, na mama hakuwepo kulisikia. Ndiyo maana naandika. Habari za nani alimzaa nani sitazigusa. Anayezitaka awaulize wanaume, watamweleza mpaka ugali upoe. Naandika mwaka mmoja tu, ule serikali ilipotuhamishia katika kijiji cha ujamaa.

Kabla ya hapo tulikaa juu, kwenye mgongo wa nchi, kaya chache zilizotawanyika, kila moja na matuta yake ya ulezi. Ukisimama mlangoni kwa babu ulikuwa unaona nyasi tu na mawingu, na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unakata masikio. Baba yangu alikwisha kufa miaka mingi, na mama alibaki palepale penye boma la mkwewe kwa sababu babu alisema abaki. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka sekondari, kidato cha tatu, nimefukuzwa kwa mimba; yule aliyenipa mimba aliendelea na masomo, na hapo nanyamaza nisije nikatukana. Baba mkubwa alitaka nipelekwe kwa wajomba zangu Mwimbi nikazalie huko, aibu isikae karibu. Alikuja kumwambia babu asubuhi, na babu alikuwa ananyoa ndevu. Alinyoa kila siku kwa maji baridi, bila kioo, amesimama wima kama anakaguliwa. Hakugeuka. Alisema tu, "Askari akirudi na jeraha anapelekwa kitandani. Mahakama baadaye." Mahakama hiyo haikukaa kamwe. Nilimzaa Imelda katika chumba cha nyuma ya jiko la mama, na babu akawa anamwita Kuruti, na kila akilia anamwambia kuruti halii, kuruti anasubiri amri.

Nilikuwa nampelekea chakula chumbani kwake. Chumba kilinuka tumbaku, mafuta ya taa, na lile koti zito la jeshi alilolitundika ukutani, ambalo nondo walikuwa wanalila taratibu kutoka chini kwenda juu. Alipenda ugali wa ulezi na mgebuka mkavu wa kutoka ziwani, uliochemshwa na nyanya mpaka mifupa ikalainika. Ni pale chumbani, mvua zikiwa bado zinanyesha na Imelda hajatimiza hata mwezi, nilipoanza kuona matonge yake yanapungua ukubwa. Mtu aliyekuwa anakata tonge la ngumi sasa anakata la kidole. Halafu akawa anameza na maji. Halafu akawa anatafuna samaki, anatafuna, anatafuna, kisha anamtoa na kumweka pembeni ya sahani, akanitazama kama anayesema, haya, sema neno. Nilidhani ni meno. Naliandika hili mapema makusudi: ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia chumbani kwa babu kabla chungu chochote hakijatajwa.

Kwetu pombe ya ulezi hainywewi ovyo. Chungu huwekwa katikati, wazee hukizunguka, kila mmoja na mrija wake, na mpishi huongeza maji ya moto kila yanapopungua. Lakini kabla ya mzee yeyote hajatia mrija, mpishi hupiga magoti, huvuta yeye kwanza, humeza watu wakimwona, ndipo humkabidhi mrija mzee mkubwa wa pale. Hiyo ni kusema: nimekunywa, kama kuna kitu nitaanza kufa mimi. Haijalishi mpishi ni nani. Hata bibi aliyezaa wazee wale wote angeonja. Mama yangu alikuwa mpishi anayesifiwa mpaka njia ya Chala. Watu walikuwa wanapita pombe za majirani wawili watatu wakija kwake, na mke wa baba mkubwa, ambaye pombe yake ilikuwa chachu kama macho yake, hakulisahau hilo.

Siku moja kabla hatujahama, pombe aliyoiagiza babu ilikuwa tayari. Viongozi wa kata walikwisha kuja, wakapima kwa kamba huko barabarani, kila kaya ikapewa kiwanja chake, nyumba zikae mistari. Mgambo walikuwa wanazunguka na fimbo kuhakikisha paa zinashushwa. Wazee walikaa kukizunguka chungu cha mama kama watu wa matangani. Mama akapiga magoti, akashika mrija, na kabla hajaufikisha mdomoni babu akanyoosha mkono akauchukua. Alitaka watu wacheke. Alitaka pia, nadhani, kumpa mama heshima mbele ya watu wote siku ile ya mwisho katika boma lile. Akasema, "Lete hapa. Bama nilikunywa maji ya dimbwi lenye maiti. Leo niogope pombe ya mkamwana wangu?" Wazee wakacheka kweli. Babu akavuta. Pombe ikafika ilipofika, ikagoma, ikarudi kwa nguvu mdomoni na puani, akainama anakohoa mpaka kofia ikaanguka na machozi yakamtoka. Kicheko kikakatika. Na mama alikuwa bado yuko magotini, mikono mitupu, mdomo mkavu. Kila mtu pale aliuona mdomo wake.

Hakuna aliyesema kitu siku ile. Sisi si watu wa kusema kitu siku ileile.

Kijijini nyumba zetu zilikuwa miti na fito tu. Udongo wa kukandika ulikuwa bado, maana wanaume wote walikuwa wanapelekwa shamba la pamoja. Huko juu ukuta wa tofali ulikuwa unaficha maneno. Hapa mtu akigeuka kitandani jirani anajua amelalia ubavu gani. Nilikuwa nakaa jikoni kwa mama nikimnyonyesha Imelda, na kupitia kwenye fito namsikia mama mkubwa akichambua maharage na shoga zake. Mmoja alisema mzee amekonda. Mwingine akasema mtu aliyelishwa kitu lazima akonde. Mama mkubwa akasema yeye hamtaji mtu, Mungu apishe mbali, yeye anauliza tu: mpika pombe anaachaje kuonja? Wa kwanza akasema lakini mzee mwenyewe ndiye aliyemnyang'anya mrija. Maharage yakadondoka kwenye ungo, kisha mama mkubwa akajibu kwa upole kabisa, "Na wewe unadhani mkono wake ulivutwa na nani?" Niliposikia hilo nilielewa kwamba hatuna pa kutokea. Ukieleza jambo moja, maelezo yenyewe yanageuzwa kuwa ushahidi. Mama alikuwa hapo hapo anapuliza moto. Alisikia kila neno. Aliendelea kupuliza mpaka majivu yakamrukia usoni.

Kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa wazi. Kiwanja cha mama kilikuwa kando ya kile cha babu, na baba mkubwa alitaka kisiwepo. Alikuwa anasema kwa watu, kwa sauti ya huruma, kwamba shemeji yake ni mjane, amechoka, afadhali akapumzike kwa ndugu zake Mwimbi. Kupumzika. Mwanamke anayefukuzwa kwa neno hilo hakuna anayempa tena mtoto jina lake, hakuna anayenunua kitu alichopika, na akipita watoto wanafichwa ndani. Baba mkubwa hakuthubutu kulisema mbele ya babu. Alikuwa anasubiri.

Babu alijua. Kila mama alipopika, alivaa lile koti lake, akaja na fimbo, akakaa mahali pake penye chungu, akamwacha mama aonje mbele ya watu, na sasa hakugusa mrija mpaka mama amemeza na kufungua mdomo. Kisha anavuta, anafuta midomo, anasema hii ndiyo pombe. Watu wakaanza kutulia. Mimi nilikuwa naongeza maji ya moto, kwa hiyo nilikuwa karibu kuliko wao, nikaona kwamba koo lake halisogei. Alikuwa anajaza mashavu tu, baadaye anainuka kama anayekwenda kujisaidia. Nilimfuata nikamkuta nyuma ya nyumba ameshika mti wa kona, anatema. Pombe ilitoka na kitu chekundu. Aliniona.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, babu."

"Askari mzuri." Akafuta mdomo kwa mkono wa koti. "Mimi ndiye niliyemrukia mama yako zamu. Nikiacha kukaa kwenye chungu chake watamla. Sasa nenda, maji yatapungua."

Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda hospitali mjini. Baba mkubwa alisema aende kwa mganga, na babu akamjibu kwamba amekwisha kupigwa risasi na watu wasiomjua, hana haja ya kwenda kutafutiwa adui nyumbani. Tulipanda lori lililokuwa linapeleka mahindi Sumbawanga, babu ameketi juu ya magunia amejifunika koti, mimi na Imelda ubavuni mwake tukimkinga upepo. Daktari alikuwa kijana wa kutoka Mbeya, mpole, mwenye haraka. Walimnywesha babu uji mweupe kama chokaa wakampiga picha, akaurudisha karibu wote kwenye beseni. Daktari akaniita nje ya mlango. Alipojua nimesoma kidogo akachanganya Kiswahili na Kiingereza, akaniambia ni kansa, iko kwenye njia ya chakula, imekwisha kukua, ilianza zamani. Huenda mwaka mzima nyuma, alisema. Nikamwomba alirudie hilo la zamani, akarudia. Alisema wangeweza kumpeleka Dar es Salaam lakini kwa hali ile safari ingemmaliza. Akaniambia nisimwambie mzee, nimpe uji mwepesi na maneno mazuri.

Babu alikuwa ametusikia tunanong'ona. Nilipoingia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amefunga vifungo vyote vya koti. "Jeshini waliokuwa wananong'ona ni wale waliokwisha kuhesabu maiti," alisema. "Toa ripoti." Nikampa. Sikujua namna ya kulainisha kitu kama kile na mpaka leo sijui.

"Inaitwaje?"

"Kansa, babu."

"Nani ameileta?"

"Hakuna aliyeileta. Inaota yenyewe mwilini. Daktari amesema ilianza zamani, kabla hatujahama."

 Halafu akafanya kitu ambacho sijakisahau na sitakisahau: akacheka. Mwanamume amepewa hukumu ya kufa, kifua kimebaki mbavu, na anacheka mpaka anakohoa. Akanishika kichwa kwa mkono wake wote. "Basi mama yako amepona," alisema. Njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha. Alimwimbia Imelda nyimbo za kwata juu ya magunia, akanifanya nilitamke neno lile mara kwa mara naye analifuata, kansa, kansa, ili asije akalikosea mbele ya watu.

Nilikuwa na hasira naye pia, niseme kweli. Alikuwa anakufa na mimi nilitaka akasirike, na yeye anafanya mazoezi ya neno.

Nilipolitoa nyumbani, baba mkubwa alisikiliza amekunja mikono, kisha akaniuliza hiyo kansa ni ya kabila gani. Waliokuwepo wakacheka. Nikamweleza alivyoeleza daktari, kwamba inaota, kwamba ilianza zamani. Akasema magonjwa ya Wazungu yana Wazungu wa kuyaugua, na mimi niliyekwenda sekondari nikarudi na tumbo ndiye wa kuwafundisha? Nikamjibu kwamba tumbo langu lilizaa, likaitwa Imelda, kila mtu anamjua; ila ugonjwa wa baba yake mzazi yeye hataki hata kuujua jina. Alininyanyulia mkono. Babu aligonga fimbo chini, mara moja, na mkono ukashuka. Babu akasema mwenyewe ataongea. Akaagiza pombe.

Mama alipika pombe ile kama anayepika mtihani. Aliuotesha ulezi upya, akaukausha, akausaga yeye mwenyewe, hakukubali hata mimi niguse jiwe. Walikuja watu wengi kuliko siku zote, kwa sababu kila mtu alijua kuna jambo. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuja akaketi kwenye kigoda pembeni. Mama akapiga magoti, akavuta, akameza, akafungua mdomo. Akavuta tena bila kuambiwa. Babu akachukua mrija wake, na mbele ya wote akavuta, akajaribu kumeza. Safari hii hakujaza mashavu, alimeza kweli. Niliona mishipa ya shingo inasimama. Pombe ikarudi yote, na damu juu yake, akaitema ndani ya kibuyu cheupe mbele yake akakisukuma katikati watu wakione.

"Tazameni," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha kuwa ya kukwaruza, ikabidi watu wainame wasikie. "Hapa pamefungwa. Hospitali wamepiga picha. Ni kansa. Hakuna mtu aliyeileta, inaota yenyewe, na ilianza tukiwa bado juu. Siku ile mkamwana wangu alitaka kuonja. Mimi ndiye niliyemnyang'anya. Kosa ni langu, na atakayeligeuza nikiwa sipo, huyo si mwanangu."

Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyosema mwezi ule. Nilimtazama mama, nikaona mabega yake yanashuka, mara ya kwanza tangu tuhame. Nikadhani tumeshinda. Nilikuwa mjinga wa miaka kumi na minane, nilidhani ukweli ukisemwa na mwenye haki ya kuusema, basi.  Kisha mzee mmoja, mtu aliyekula nyumbani kwetu miaka yote, akautoa mrija wake chunguni, akaukung'uta, akasema taratibu, bila chuki hata kidogo, kama anayetuonea huruma wote, "Aliyefungwa na mtu humtetea aliyemfunga. Ndivyo wanavyofunga." Akainuka. Wa pili akainuka. Baba mkubwa alibaki kidogo, anatazama chini, halafu naye akainuka. Mwenyekiti akasema ana kikao. Chungu kilibaki kimejaa zaidi ya nusu. Asiyekaa kwetu hawezi kujua hilo lina maana gani. Mwanamke anaweza kutukanwa akaishi, lakini chungu chake kikiachwa kimejaa na wazee wamekwisha kuondoka, amekwisha kuhukumiwa. Babu alijaribu kuvuta tena. Alivuta peke yake, akatema, akavuta, akatema, mpaka mama akamshika mkono, akamwambia, "Baba, acha. Umefanya."

Baada ya hapo hakuinuka sana. Uji ukakataa, maziwa yakakataa, yakabaki maji ya kumkamulia mdomoni kwa kitambaa. Baba mkubwa alimhamishia chumba cha nyumbani kwake, akasema mgonjwa anahitaji utulivu, na mama akakatazwa kuingia. Mimi niliruhusiwa kwa sababu mimi ni damu yao. Mama alikuwa wa kuja. Kila asubuhi nilimnyoa. Wembe ulikuwa unapita juu ya mfupa tu. Alikuwa ananiuliza kwa macho kuhusu mama, namwambia yupo, anakusalimu, na ilikuwa kweli: alikuwa anakaa nje, upande wa pili wa fito, amejikunja kwenye baridi na khanga yake, umbali wa mkono mmoja kutoka kichwani kwa babu. Mara moja nilimwona babu amepenyeza vidole vyake kati ya fito, na vidole vya mama vimevishika kwa nje. Nikatoka nikawaacha. Alikufa asubuhi ya mvua za kwanza, nusu ya uso imenyolewa. Nilimaliza nusu iliyobaki kabla sijamwita mtu.

Walimzika na koti lake. Mwenyekiti alitoa hotuba juu ya kazi na kujitegemea. Mama alilia kwa mbali, na watu walipima kilio chake: akilia sana anajificha, akilia kidogo amefurahi. Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa. Nilisema tena yote ya daktari, nikiwa nimesimama, mtoto ananyonya, nikijua hakuna anayesikiliza. Baba mkubwa akaniacha mpaka nimalize. Kisha akasema hakuna anayemshitaki mtu, hakuna aliyemtaja mtu, ila shemeji amechoka, akapumzike. Nilikwenda kwa mwenyekiti. Aliniambia serikali haina habari na mambo ya uchawi, hayo ni ya familia, na kiwanja kisichokaliwa kijiji kitampangia mtu mwingine. Alipangiwa mtoto wa baba mkubwa.

Walisema mimi nibaki. Nilifunga vitu vyangu nikaenda na mama Mwimbi. Wajomba walitupokea vizuri, sitawasingizia. Hakuna aliyemuuliza mama kitu. Walimpa chumba kinachotazama mashamba, wakampa shamba lake, na wake za wajomba wakamzunguka kwa kazi na maneno ya kawaida. Nilidhani huko atapona. Mimi mwenyewe nilianza kulala. Krismasi ilipokaribia, mjomba mkubwa akamwomba apike pombe ya sikukuu, sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kule. Mama akasema mkono umesahau. Mjomba akacheka, akasema mkono hausahau. Mama hakucheka. Nilipokuwa naye peke yake nikamwambia tena, polepole, kama ninavyomfundisha mtoto: ilikuwa kansa, mama, ilianza kabla, nilimwona mwenyewe anakata matonge madogo mvua zikiwa bado zinanyesha. Akaitika kila neno. Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Najua. Daktari alisema.

Siku ileile, jua la mchana, Imelda alikuwa anatambaa uani, akafika penye mtungi akaupiga piga kwa kiganja, anataka maji. Mama akachota kwenye kikombe, akapiga magoti mbele yake. Nikamwona anakipeleka kikombe mdomoni mwake kwanza. Alivuta, akameza, akafungua mdomo wazi kwa mtoto asiyejua hata kutembea. Kumbe alikuwa anafanya hivyo kwa kila kitu tangu tufike, uji, maziwa, maji ya kunawa, na mimi kwa uchovu wangu sikuona. Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna anayekushuku."

"Najua," alisema.

Imelda akalia, akanyoosha mikono. Mama hakumpa bado. Alikaa palepale magotini, kikombe mkononi, macho kwenye mchanga, akijisikiliza tumbo, anasubiri kuona kama atakufa.